Birika Linalojizima Lenyewe

Wanangu,

Nimewahi zamu. Chai imo kwenye chupa, nimeichemshia sufuriani.

Birika la umeme limeungua. Nililiwasha nikaenda kuoga, kama miaka yote. Maji yakachemka mpaka yakakauka, na mimi niko bafuni nasubiri baba yenu afoke, “Mtatuchoma humu ndani!” halafu alizime. Mwezi wa pili huu tangu tumzike, na bado nilisubiri. Moshi ndio ulionitoa bafuni. Sikulia. Nilifungua madirisha, nikafagia.

Mkitoka shule pitieni dukani mkanunue jingine. Dada mtu ndiye achague. Wewe kitinda mimba, usidanganyike na mataa ya rangi, hatuendi disko. Liwe na mdomo mpana, mkono uingie kusugua. Mpini usiwe wa kushika moto. ~~Lita mbili.~~ Lita moja na nusu inatosha, tumebaki watatu.

Na lijizime lenyewe. Mwambieni muuzaji alijaribu mbele yenu, msitoke dukani kabla halijajizima.

La zamani msilitupe. Halikuwa na ubovu wowote. Lilizoea tu kuwa na mtu wa kulizima.

Mama yenu