Mlango Uliomeza Bahasha

Wewe uliyeokota daftari hili — nakusihi, lirudishe ulipolikuta, na uliyoyasoma yameze. Hata mama hajui.

Jumatatu, 3 Machi

Hati halisi ya shamba la mjane mmoja, mteja wa ofisi yetu, imepotea mikononi mwangu! Niliichukua mahakamani kwa saini yangu, ikiwa ndani ya bahasha, nikapanda gari la ofisi, kiti cha nyuma kushoto. Njiani tukasimama dukani kununua wino wa mihuri. Dereva akaja kunisaidia kubeba. Kurudi — bahasha haipo. Milango mitatu imefungwa, wangu unafunguka.

Mkuu wa ofisi hakutaka maelezo. Kwake, mwizi kapitia mlango ulioachwa wazi, na mwenye dhamana ya gari ni dereva. Akae nyumbani, Ijumaa barua yake ya kufukuzwa itakuwa tayari. Lakini mimi nilimwona akibonyeza rimoti! Nilisikia ko! Mkuu aliponitazama, nikatazama viatu vyangu.

Dereva tunamwita Polepole. Miaka kumi na tisa kazini, gari halina mkwaruzo. Akitoka akaniambia tu, "Usisahau kula, mwanangu." Afadhali angenitukana.

Jumanne, 4 Machi

Mjane amekuja. Kaketi kwenye benchi, mkoba mapajani. "Mwanangu, karatasi yangu imelala salama?" Nikasema ndiyo. Ndiyo!

Jioni mama akauliza mbona nadonoa chakula kama kuku mgonjwa. Nikasingizia jino.

Jumatano, 5 Machi

Mkuu ataka gari lipelekwe kwa fundi kesho, mlango utengenezwe. Nani ana leseni? Mimi. Leseni ya kuogopea.

Alhamisi, 6 Machi

Naandika nikiwa nimefungiwa ndani ya gari, na tangu Jumatatu sijapata raha kama hii.

Nilifika kwa fundi kwa gia ya pili tu. Akabandua ubao wa ndani wa mlango, akamulika, akacheka. "Karani, huu mlango wako umekula." Akaingiza mkono hadi kwenye kiwiko, akavuta — bahasha! Imekunjika pembe moja, mhuri mzima. Ilikuwa imebana kile chuma kinachoshuka mlango ukijifunga. "Umejaza mdomo, utafungaje?"

Nikakumbuka. Niliisimamisha mwenyewe kando ya kioo isikunjike. Kisha joto, nikashusha kioo, nikakipandisha tulipofika dukani. Raba ya pale chini imechanika, kioo kikashuka na bahasha. Mwizi hakuwapo. Uangalifu wangu ndio mwizi.

Nililia pale pale, fundi akanipa kitambaa chenye grisi. Sasa nina uso wa fundi.

Akarudisha ubao, akaniambia nikae kiti changu kilekile, nisikilize. Akabonyeza rimoti: ko! — milango yote minne kwa pamoja! Akabonyeza tena kufungua: kimya. Rimoti imekata roho. Ufunguo wenyewe haugeuki, tundu lina kutu, na gari hili likifungwa kwa rimoti vitasa vya ndani ni mapambo, wala vioo havishuki.

"Kuna rimoti nyingine?" fundi akapaza sauti kupitia kioo.

Ipo. Nyumbani kwa Polepole.

Simu yangu iko mezani kwa fundi, inachajiwa. Akampigia, akanigeukia: mzee anauliza, ni wewe unayemhitaji au ni mkuu? Nikapiga kelele kupitia kioo: ni mimi, na kosa halikuwa lake! Fundi akayafikisha. Akasikiliza jibu. "Anasema anavaa viatu."

Hati iko kifuani kwangu. Kwa mkuu nitakwenda leo hii, kabla barua haijapigwa mhuri. Moyo umetua.

Namwona getini. Anakuja polepole, kama kawaida yake. Ukurasa huu nauandika kwa herufi kubwa, niubandike kwenye kioo:

BABA, NIKO NYUMA KUSHOTO. BONYEZA MARA MBILI — YA KWANZA HUFUNGUA MLANGO WAKO TU. MLANGO UKIFUNGUKA USISEME KITU. NIACHE NIANZE MIMI.