Wimbi Refu Ndani ya Barafu

Jumatatu, 14 Julai

Saa tatu, barua pepe ya mjukuu wangu Neema kwenye simu. Mistari miwili kama kawaida: wamevuka ukingo wa barafu, maboya matatu yameshawekwa, hajambo. Nimetia alama kwenye ramani ya ukutani.

Nimefundisha fizikia miaka thelathini, kwetu Uvira kwanza, kisha hapa ugenini, mtaa wa Berea, kwa watoto wa majirani. Barafu ya bahari sijaiona. Neema sasa anatembea juu yake, mwanafunzi katika meli ya utafiti iliyotoka Cape Town. Wanapima jinsi barafu inavyodhoofisha mawimbi. Boya moja ukingoni, jingine ndani zaidi, mengine ndani kabisa. Kisha wanalinganisha vimo vya mawimbi. Nje, bahari inapigana. Ndani, mabamba ya barafu yanasuguana, yanakula nguvu ya maji, na bahari inakuwa nzito kama uji uliopoa.

Hayo ndiyo niliyomwambia Furaha, binti yangu, mama wa Neema, alipokataa safari. Barafu inameza mawimbi. Mtoto atakuwa mahali patulivu kuliko mtaa huu. Furaha hakuridhika. Mimi, baba wa nyumba, nikasema aende. Akatii. Tangu siku hiyo ananisalimu kwa heshima zote na haongezi neno.

Jumanne, 15 Julai

Hakuna barua. Saa tatu, saa nne, saa sita. Umeme wa jengo umekatika, nikasingizia mtandao. Nimeshuka ghorofa sita kwa miguu hadi spaza, kiduka cha kona, nikaomba mtandao wao. Hakuna kitu. Nikapanda tena. Nilipumzika ghorofa ya pili, ya nne na ya tano.

Jioni Furaha karudi kutoka Jeppestown, ambako ana vyerehani vyake viwili. Akauliza kama mtoto ameandika. Nikasema ndiyo.

Mzee wa miaka sabini na sita, na uongo wa mtoto wa darasa la tatu.

Jumatano, 16 Julai

Wamenipigia simu kutoka ofisi ya chuo. Msichana, Kiingereza cha upole sana. Nilichukia upole ule kabla hajamaliza sentensi.

Jumatatu alasiri watu watano walikuwa juu ya bamba wakifunga boya. Bamba likavunjika. Mmoja akaanguka majini. Jina lake msichana hana. Jana jioni dhoruba imefika na mawasiliano ya meli yamekatika. Wamepata ujumbe mfupi tu. Atapiga tena.

Watu watano. Mmoja.

Nimefungua daftari zangu za zamani, ingawa sikuwa na haja. Naijua sura hiyo. Mawimbi mafupi ndiyo yanayokufa ukingoni. Marefu hayafi upesi. Yanapita chini ya barafu, yanaiinua na kuishusha polepole, mbali sana ndani. Bamba dogo hupanda na kushuka nayo. Bamba pana hupinda, mpaka linavunjika. Tena wimbi refu huitangulia dhoruba iliyolizaa. Hufika siku moja kabla, chini ya anga safi, na aliyesimama juu haoni kitu.

Nilijua yote haya. Nilimpa Furaha nusu ya somo, nusu iliyonifaa mimi. Mwanafunzi wangu angefanya hivyo ningempa sifuri.

Sijamwambia. Hajauliza leo.

Alhamisi, 17 Julai

Simu haijalia.

Kwetu msiba haupelekwi kwa simu. Wanakuja watu wawili, wamevaa vizuri. Wanaketi, wanaomba maji ya kunywa, wanauliza habari za nyumba. Ndipo mmoja anasema. Hata hapa, miaka yote hii ya ugenini, tumeishika desturi hiyo. Nimeiona ikifanyika kwenye vyumba visivyo na viti.

Sitaki Furaha alipate jina la mwanawe kutoka kwa msichana wa ofisini. Asubuhi, alipokwisha kwenda kazini, nikampigia Papa Amisi, mzee wa kanisa letu. Nikamwomba yeye na mzee mwenzake, Papa Yosia, wawe tayari kwa ajili ya Furaha. Akavuta pumzi. Akasema, "Pole sana, mzee wetu. Tuachie sisi." Nikashukuru, nikakata.

Nilijiona nimefanya jambo la busara.

Ijumaa, 18 Julai

Siku mbaya. Naandika kwa mpangilio ili nisiikimbie.

Saa tano walifika Jeppestown, Papa Amisi na Papa Yosia, suti nyeusi, viatu vinang'aa, siku ya kazi. Furaha aliinua macho kutoka kwenye cherehani akawaona mlangoni. Hawakuwa wamefungua kinywa. Alipiga kelele iliyosikika hadi kituo cha teksi.

Wa kulaumiwa ni mimi. Kwetu hakuna anayewaita wazee kwa ajili ya labda. Ukiwaita, basi umeshafiwa. Papa Amisi angejuaje vinginevyo? Mimi mwenyewe ningevaa suti.

Nilipofika, baada ya kuitwa kwa simu, vyerehani vilikuwa nje kwenye njia ya miguu, mikeka imetandikwa ndani, wanawake wameketi. Jirani, Mzulu anayetengeneza mabomba ya moshi ya magari, alikuwa amezima mashine yake kwa heshima. "Eish, baba," akaniambia, akavua kofia.

Furaha alikuwa chini, kichwa wazi. Nikasema mbele ya wote: hajafa. Nikajisahihisha: hatujui.

"Mzee, si wewe uliyetuita?" akauliza Papa Amisi. Jasho lilimtoka.

Furaha hakumtazama. Alinitazama mimi. "Ulisema ameandika."

Niliketi mkekani, mbali naye kidogo. Wanawake hawakujua walie au wanyamaze. Tulikaa hivyo zaidi ya saa mbili.

Saa nane simu ikalia. Msichana wa ofisini. Wote watano wako melini. Aliyeanguka ni Neema. Walimvuta kwa kamba. Mkono wa kushoto umeumia, vidole vimepona. Yu hai. Nilirudia kwa Kiswahili neno kwa neno, mara mbili.

Kisha Papa Yosia, ambaye hajui kunyamaza: "Sasa hii chai ya msiba, tunainywa au tunairudisha?"

"Kunywa, mchawi wewe!" akasema mama mmoja.

Furaha akacheka. Kicheko kibaya, cha mtu anayetapika. Kisha akalia upya.

Jumamosi, 19 Julai

Neema mwenyewe, kwa simu ya setilaiti. Sauti inakuja na kupotea. Furaha alimgombeza dakika nzima, halafu akanipa simu kwa sababu hakuweza kuendelea.

Nikamuuliza: Jumanne asubuhi, kabla ya dhoruba, mlikuwa na mawasiliano?

"Tulikuwa nayo, Koko." Ndivyo anavyoniita mimi babu yake.

Mbona hukuandika?

"Sasa jambo kama lile linaandikwa? Si ulisema habari mbaya mtu anaileta mwenyewe? Nilitaka niseme nikifika."

Amezaliwa hapa. Na rafiki zake anazungumza Kizulu, Kiswahili chake cha kuokoteza. Methali zangu zote zimempita sikioni. Hili moja limekaa.

Nyumba ya watu watatu. Kila mmoja wetu alimficha mwenzake, na adabu ndiyo tuliyojifunikia.

Jumapili, 20 Julai

Bahari imetulia huko. Neema amepiga tena. Maboya mawili yamebaki, na wanataka kuyaweka leo. Mkono wake unafanya kazi. Aliomba kuzungumza na mama yake.

Furaha alikuwa mezani akipinda sketi kwa mkono. Akaweka simu kando ya kitambaa, sauti juu.

"Yale mawimbi marefu yapo bado?" akauliza. Jana usiku nilimpa ile nusu nyingine ya somo.

Neema akamsomea vipimo vya boya la ukingoni na la ndani, kimoja kimoja. Yamepungua. Bamba walilochagua ni dogo, halipindi.

"Nani atashika kamba yako?"

"Bosi wa sitaha, Mama. Mtu mkubwa kama mlango."

Furaha akapitisha sindano mara tatu, nne. Nilizihesabu.

"Nenda. Ukianguka tena nataka kujua siku hiyo hiyo. Kutoka kwako. Hata kwa maandishi."

"Ndiyo, Mama."

Wakaendelea na mengine, chakula cha melini, baridi. Mimi sikuulizwa. Nilivua miwani, nikaifuta, nikawasikiliza.