Fundo la Faili

Kasulu, Alhamisi, Novemba 2014

Mvua inanyesha tangu alfajiri na bati linapiga kelele mpaka redio haisikiki. Nimelowa, nina tope hadi magotini, na nina furaha kama mtoto siku ya Idi. Acha niandike kabla haijapoa.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: mimi ni karani mstaafu wa mahakama, mtu wa Kondoa niliyeletwa Kigoma kikazi nikaota mizizi. Miezi minne sasa najifunza kutunga mikufu. Ndiyo, mikufu. Wazee wenzangu kijiweni wananiita Bi Harusi. Nawaambia ng'ombe hazeeki maini, wanazidi kucheka.

Fundi wangu ni Mama Editha. Wazazi wake walikuja kutoka Burundi, yeye akazaliwa hapahapa. Anatumia mbegu ngumu za kijivu zinazoota bondeni kwenye majimaji, ambazo kwetu tulitungia tasbihi na huku wanatungia rozari. Zina tundu tayari. Unazichagua, unazipanga, unazitunga kwenye mshipi wa kuvulia samaki. Ila ana desturi moja inayoniumiza roho: mkufu ukiisha, anaushika kwa mikono miwili na kuuvuta kwa nguvu zake zote.

"Uachie mikononi mwangu," anasema, "usiachie shingoni mwa mtu."

Mitano niliyomaliza imeachia yote. Mbegu zinaruka mpaka kwa kuku.

Na Jumamosi tunamuaga Zuhura, binti yangu wa mwisho, anayeolewa. Alikataa mkufu wa dukani, akawatangazia rafiki zake kwamba atavaa kazi ya baba. Jumatatu, ulipoachia ule wa tano, Mama Editha hakuzunguka: "Baba Zuhura, mwisho Alhamisi. Ukishindwa nitamtungia mimi."

Nikarudi nyumbani. Nikaulaumu mshipi, nikayalaumu macho, nikaulaumu uzee.

Leo asubuhi paa likavuja juu ya karatasi zangu za zamani. Nikazikusanya mbio, nikazifunga kwa utepe kama nilivyofunga mafaili miaka thelathini na tatu. Kumbe moja imebaki chini. Nikavuta ncha ili niiongeze, bunda lote likafunguka.

Nikabaki nimeshika utepe, nikiuangalia.

Faili la mahakama hufungwa ili hakimu alifungue kwa mvuto mmoja. Ncha ya mwisho inapitishwa ikiwa imekunjwa kitanzi. Vidole vyangu vimekuwa vikifanya hivyohivyo kwenye mshipi, halafu mimi mwenyewe nakificha kitanzi ndani ya tundu la mbegu ili kazi ionekane safi! Mazoea yana taabu. Nilicheka mpaka mke wangu akaja kunishika paji la uso, akidhani nina homa.

Nikatunga mkufu wa sita. Nikaufunga polepole, nikijisemea kila hatua kwa sauti. Nikatoka nao mvuani.

Mama Editha akauvuta. Akapumua, akauvuta tena mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Mimi nimefumba macho, nasubiri mbegu ziruke.

Hazikuruka.

"Ego," akasema, ndiyo ya kwao, akanisogezea mkasi. "Haya, kata ncha."

Sikuwahi kupewa ule mkasi. Ncha zikishakatwa hakuna kufungua tena. Nilikata, na nilitamani wale wazee wa kijiweni wangekuwepo wanione.

Sasa upo hapa mezani, nauangalia kila baada ya sentensi mbili. Jumamosi nitamvisha Zuhura kwa mikono yangu, kisha ataondoka nao kwenda kwake Kibondo.

Fundo lisilofunguka nimeliweza. Je, kumvisha mbele ya wakwe bila kulia, nako nitakuweza?