Nyuzi Mia na Hamsini

Kwa dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na goti limepunguza maumivu tangu ubadilishe dawa. Shemeji msalimie, mwambie dirisha la jikoni nililomwahidi limekwisha. Mimi mwili ni mzima. Karakana ina mafundi wanne sasa, na ile mashine ya kukatia alumini uliyoicheka kwamba ni ya mkono wa tatu bado inakata pembe bila kukosea.

Nakuandikia kuhusu mchumba wangu, mshonaji. Mwezi uliopita ulimpelekea karatasi ya mnajimu, ukamwambia kwa huruma kwamba ni vizuri ajue mapema anaolewa na mtu wa namna gani. Alinionyesha. Duara, mistari, na mstari mmoja umekolezwa wino mwekundu: Mwezi na sayari ya Zohali, pembe ya nyuzi mia na hamsini. Wala si miongoni mwa pembe kubwa, dada. Mnajimu mwenyewe kaandika chini kuwa ni ndogo. Lakini maana yake ilimkosesha raha: moyo na wajibu wa mtu huyu ni vyumba viwili vinavyopakana bila mlango. Atahangaika kurekebisha kila siku, na mke atakaa chumba kisichofikiwa.

Nitasema kweli, niliamini. Wiki tatu nilijiona ndiye mtu huyo. Nikichelewa kutoka karakana, Zohali huyo. Nikisahau kumpigia simu mchumba, Zohali tena. Mafundi wakadaka jina, wakawa wanaomba ruhusa kwa Mzee Zohali.

Halafu nikakumbuka kuwa mimi naishi kwa pembe. Nikaenda kwa mnajimu na kipimapembe mfukoni. Nikamuuliza pembe hii ikikosea kiasi gani bado inahesabika. Akasema kubwa huvumiliwa, ndogo hapana; ikizidi nyuzi mbili, haipo. Nikamuuliza mwendo wa Mwezi. Kama nusu nyuzi kwa saa. Nikamuuliza mimi nilizaliwa saa ngapi. Akasoma: saa kumi na moja alfajiri.

Dada, wewe ndiye uliyenisimulia, tangu sijui kufunga kamba za viatu, jinsi ulivyotoka shule saa tisa alasiri ukakuta jirani amekaa mlangoni akikuzuia kuingia, na ukasikia kilio changu cha kwanza mkoba ukiwa bado mgongoni. Kutoka alfajiri ile hadi alasiri ile ni muda wa saa kumi. Hizo ni nyuzi tano. Mia na hamsini na tano si pembe ya kitu chochote.

Nilitaka iwe umesahau. Mnajimu, asiyejua ananivunja nini, akafungua daftari, akasema ulikwenda mara mbili. Mara ya kwanza ulitoa saa tisa alasiri, akakwambia hakuna la kutisha. Wiki iliyofuata ulirudi ukasema sasa umekumbuka vizuri. Ukahamisha kuzaliwa kwangu, na baya kubwa hukulipata, ukaridhika na dogo. Kama uliyetaka nimuoe ni yule mfamasia, binti wa rafiki yako, ungeniambia usoni. Ningenuna siku mbili, yangeisha.

Sasa lililobaki, ambalo sijamwambia mtu. Nilimpelekea mshonaji hesabu yangu. Aliielewa haraka, naye ni mtu wa vipimo. Akaniuliza, kwa hiyo dada yako alitunga? Nikasema hapana, saa ya alfajiri nilikupa mimi. Umenilea tangu mama alipofariki. Ulimi ulikataa kukuita mwongo mbele yake. Akaanza kukunja tepu yake ya kupimia, polepole, mpaka mwisho.

"Mtu asiyetaka kuoa husema sitaki," aliniambia. "Hazunguki mpaka mbinguni."

Pete amerudisha. Sikumkimbilia, maana ningemkimbilia na neno gani?

Usije kunibembeleza, wala usitume wazee. Shikamoo yangu utaipata popote tutakapokutana, mbele za watu na faraghani. Lakini nyumbani kwangu usikanyage kabla hujapita kwake, ukamweleza kwa kinywa chako ulichofanya. Akinirudia au asinirudie, hilo ni lake.

Wapwa zangu wabusu wote, na yule mdogo mwambie mchoro wake umenifikia.

Ni mimi mdogo wako,
fundi madirisha