Koko, Kitunga Chako Bado Hakijafungwa

Koko wangu, bibi yangu wa Nyangezi,

Najua hukusoma, na mimi naandika vile shule iliniachia mu ya pili sekondari. Lakini nani mwingine nitamwandikia? Wewe ndiye uliyeolewa na mimi nikiwa bado natambaa. Ulinibeba mimi mujukuu wako mbele ya majirani na kusema, "Huyu ndiye bwana yangu wa sasa. Wa kwanza alikuwa mukali, huyu anakojoa tu." Watu walicheka mpaka leo wananikumbusha.

Kwanza nikupe habari ya bwana yako. Nimekuwa mutu mukubwa, koko. Pale sentre ya Kadutu, vijana wanapojifunza kazi za mikono, mimi ndiye mwenye kaske. Unaikumbuka: ile kofia nyeusi ya macho, ukiivaa unaona vitu ambavyo haviko mbele yako. Mwanafunzi anaingia ndani ya injini ya gari bila kupata hata tone la mafuta ku nguo. Anaona moyo wa mutu unapiga, anauzunguka kama anazunguka nyumba. Na bila mimi haoni kitu! Mimi natia kurant ya umeme, mimi napanguza vioo, mimi nachagua somo. Madame, mukubwa wa sentre, alisoma mpaka vitabu vikamuogopa, lakini kaske ikizima anaita jina langu. Cheka basi.

Hucheki. Basi nikukumbushe siku tuliyokuletea kamera, maana siku ile ulicheka wewe.

Mimi ndiye niliyekutaja. Madame alitafuta mama anayejua kusuka kitunga cha matete vizuri, ili apigwe picha, wanafunzi wamuone ndani ya kaske kama wamekaa naye. Nikasema, "Madame, usizunguke, bibi yangu anakaa Nyangezi." Akauliza, "Wewe na sura hiyo uko na bibi?" Tukapanda mpaka kwako na fundi wa kamera. Akasimamisha katikati ya uwanja ile fimbo yenye jicho mbele na jicho nyuma, halafu akatuambia sote tujifiche nyuma ya nyumba, maana kamera ile inaona pande zote.

Ukaweka matete chini. "Eti nibaki peke yangu nisemeshe fimbo? Majirani watasema koko amepasuka kichwa. Bwana yangu anabaki, ama mimi naingia kupika."

Fundi akaomba, ukageuza uso. Basi nikabaki, nimesimama nyuma ya fimbo na muwa mudomoni, na ukaanza kusuka ukinitazama mimi.

Ndiyo maana somo lako linachekesha sentre nzima. Mwanafunzi anavaa kaske, anakukuta umekaa ku mukeka, mikono tayari, na neno la kwanza analosikia ni, "Bwana yangu, ulikula?" Wasichana wanaanguka kicheko. Wengine wanakujibu! Nsimire, yule mwenye ulimi mubaya kuliko wangu, kila mara anasema, "Ndiyo bibi, nilikula fufu," halafu anageuza kichwa na kuniona mimi nyuma, ndani ya picha, natafuna muwa. "Weee, bwana ya koko! Hata sabuni ya miguu ulikosa siku ile?" Kila darasa, koko. Miguu yangu imeonwa na watu wengi kuliko mingine yote mu Bukavu.

Na walijifunza, nisikudanganye. Ulivyokuwa unasema polepole, "Kitako kwanza, usikimbie, kitako kikipinda kitunga chote kinalewa." Ulivyopitisha tete la pili chini ya la kwanza na kupiga kwa kidole. Wanarudisha nyuma, wanatazama tena, wanarudisha. Wewe hukasiriki. Mimi uliponifundisha uso kwa uso ulinipiga na tete ku vidole, na mimi nikakimbilia mpira.

Shida iko mwisho, na unaijua.

Kwako kitunga hakifungwi kikiwa kitupu mbele ya mugeni. Mugeni anatia kitu kwanza, hata kiganja cha maharagi, ndiyo unakunja vichwa vya matete na kufunga ukingo. Sijui kama ni desturi ya inchi yetu ya Bushi yote ama ya nyumba ya mama yako tu, nilipouliza ulisema, "Ni ya mikono yangu." Siku ile tulikuja na mabegi yamejaa batri na nyaya, hakuna aliyekuja na hata punje moja. Ukafika juu, matete yamesimama kama nywele za mutoto aliyetoka kulala, ukaweka mikono ku magoti. Ukaacha kunitazama mimi, ukatazama fimbo, sawasawa ndani ya jicho lake.

"Na wewe mugeni usiye na kinywa, kesho ukuye na kitu ya kutia ndani. Ndiyo nitakufungia."

Fundi akacheka, akazima. "Sawa koko, tutarudia."

Hatukurudia. Kwanza mvua ilikata njia, halafu hali ikawa ile hali, kila mutu amekaa kwake anasikiliza risasi. Njia ilipofunguka, presha ilikuwa imeshakubeba. Nilifika Nyangezi nikakuta watu wamekaa chini mu matanga, na matete yako yamesimama ku ukuta, makavu.

Mwezi huu Nsimire alisuka kitunga chake chote kwa kufuata mikono yako, akabuni ukingo mwenyewe, akampa mama yake. Mama akatia maharagi ya soko, akaanza kupanda Kadutu. Katikati ya mulima ukingo ukafunguka. Maharagi yakateremka, watoto wanayakimbiza, mama analia na kutukana. Asubuhi Nsimire akaingia darasani, akakitupa mbele yangu.

"Bwana ya koko, bibi yako anatufikisha mulangoni halafu anafunga mulango. Mimi nataka kuuza vitunga. Nitauza nusu?"

Nikakiokota. Nikakiweka karibu na kaske.

Madame alisikia. Hakukasirika, afadhali angekasirika. Aliniita akanikalisha. Amepata mama mwingine, wa Kabare, anasuka mpaka mwisho na kufunga bila masharti. Kesho wanaingiza somo lake, na la kwako linafutwa, maana kaske imejaa.

Nikasema, "Madame, tuache koko, tuongeze ukingo wa yule mama mwishoni."

"Nilijaribu kufikiri hivyo. Huyu anaanza kitako kingine. Mikono miwili tofauti, wanafunzi watapotea."

"Basi toa injini!"

"Na vijana wa mekanika?"

"Basi umuweke mahali pengine, hata mu kompyuta."

"Wenye kaske wako mbali. Niliwaandikia. Somo linafunguka ndani ya kaske tu, jipya likiingia la zamani linaondoka." Akanishika bega. "Pole. Najua ni koko yako."

Mimi mwenye kaske, koko! Mimi wa kupanguza vioo! Neno la siri la kufungua matumbo ya kile kitu sina, sikuwahi kuwa nalo. Niliweka telefone ku kioo cha kaske nikuibe picha: nikapata nusu ya pua yako na bata wa jirani. Nikajaribu kufunga ukingo kwa mikono yangu, nikisema nikiweza, somo litakuwa kamili, nitawaonyesha mimi mwenyewe pale unapoishia. Nikachukua kitunga cha Nsimire, nikakunja tete kulia, likavunjika. Nikaliloweka, nikakunja kushoto, likaruka likanipiga ku jicho. Vidole vinakumbuka kipigo chako tu, havikumbuki somo. Na ubaya ni huu: Madame iko na haki. Nsimire iko na haki. Nikitafuta mutu wa kutukana, simupati.

Leo mchana, wote walipokwenda kula, nilikuvaa. Kwa kawaida nakuvaa haraka, kuangalia kama sauti iko sawa. Leo nilikaa chini mbele yako.

Nikuambie kitu ambacho wanafunzi hawakijui, maana hawakukujua. Muda wote unasuka, hunitazami. Unatazama juu kidogo ya kichwa changu, kule nyuma, kwa yule kijana wa muwa. Unamucheka yeye. Unamuuliza yeye kama alikula. Nikisimama unabaki mbali vilevile. Nikisogea, uwanja wote unasogea na mimi, sikukaribii hata unene wa kidole. Niligeuka nikamutazama yule mujinga. Unasema naye na yeye anatema makapi ya muwa, anatazama kuku. Nikamwambia, "Weye, mujibu!" Hasikii. Ni mimi, koko, na hasikii.

Nikageuka tena kwako, nikangoja mwisho, maana mwisho ndipo unashusha macho.

Ukaweka mikono ku magoti. Ukashusha macho, ukanitazama mimi, kweli mimi, kama zamani ukinitoa mwiba. Na ukaniita mugeni.

"Na wewe mugeni usiye na kinywa, kesho ukuye na kitu ya kutia ndani."

Nilikuwa nacho, koko. Asubuhi nilichota maharagi mu sufuria ya mama kabla hajaweka maji. Nikanyosha kiganja mpaka pale kitunga kilipo, nikafungua vidole. Nikayasikia yanaanguka ku simenti ya sentre, moja moja, huku wewe unasema, "Ndiyo nitakufungia," na giza likaingia.

Nilivua kaske, nikapiga magoti kuyaokota. Nsimire alikuwa mulangoni. Nilingoja anitanie. Akaja akapiga magoti na yeye, akaokota yaliyokimbilia chini ya benchi, akanitilia mu mukono.

Maharagi yale yako mu mufuko wangu sasa. Kesho asubuhi Madame ataniambia niwashe kaske, mama wa Kabare aingie, maana hakuna mwingine anayejua, na mimi nitaiwasha.

Lala vizuri bibi yangu. Usiolewe na mwingine huko.

Bwana yako, yule wa muwa