Vyuma Vilivyotoka kwenye Lori la Baba

Gereji, Mpanda
Jumapili

Mdogo wangu Arcade,

Pokea salamu zangu, na pole kwa kazi ya tumbaku. Kifua chako hakikusumbui tena? Unakula vizuri huko Inyonga? Sisi huku wazima. Mama anakusalimu sana na anasema unyoe hizo nywele, maana kuna mtu alimwonyesha picha yako. Mimi kaka yako nimenenepa kidogo, na wa kulaumiwa ni shemeji yako. Nakuandikia kwa sababu simu zangu hupokei, wala sikulaumu. Barua anakuletea Libérate, jirani yetu anayeuza vitenge minadani. Usimnunie, hana kosa.

Habari kubwa ni lori la baba. Lilikaa mwaka mzima nyuma ya nyumba Mishamo, kuku wakitagia kwenye kiti chako. Tumelivuta mpaka huku gereji kwangu, na safari hii niliapa sitalipua kazi. Injini nimeifumua yote. Krenki ilikwenda Mbeya kuchongwa. Pistoni, ringi, slivu, beringi zote, gasketi, na pampu ya oili, vyote vipya vya kwenye boksi. Vitu hivi vinachakaa pamoja, Arcade. Ukibadili kimoja ukamwacha mwenzake, kile cha zamani kinakiua kipya. Alhamisi tuliliwasha. We acha tu! Mafundi walipiga makofi, na mimi mtu mzima nikalia, nikasingizia moshi.

Ijumaa akaja baba. Unamjua mzee Salvatori: ukitengeneza gari lake, lazima umtandikie gunia, umpangie vyuma vya zamani vilivyotoka, avishike kimoja kimoja, ndipo aamini kwamba vipya vimeingia. Wateja wengi hapa wanafanya hivyo, lakini yeye hata kuvinusa anavinusa. Nikampangia. Pampu ya oili ya zamani ningeweza kuificha, asingejua. Niliiweka ya kwanza kabisa, nikamwambia baba aishike, kwa sababu nina la kumwambia.

Na wewe pia nina la kukwambia, mdogo wangu. Mwaka jana nilipotengeneza injini hii mara ya kwanza, pampu mpya haikupatikana Mpanda nzima. Mahindi yalikuwa yanasubiri, na baba alishawatangazia watu kanisani kwamba mwanawe fundi atalitoa lori Jumamosi. Nikaona aibu kumwambia asubiri. Nikaiosha pampu ya zamani, nikairudisha ndani. Kisha nikaokota pampu mbovu ya gari jingine, nikaiweka kwenye gunia ili baba aione, akaridhika.

Wiki mbili baadaye, ukiwa Mwamkulu, pampu ile ikashindwa kupandisha oili. Konrodi, kile chuma kinachoshika pistoni, ikakatika, ikapasua bakuli la chini ya injini, oili yote ikamwagika barabarani. Tulipokufuata huko, baba akasema umeendesha injini kavu. Ukaapa kwamba oili ulipima asubuhi na ilijaa. Nilijua unasema kweli. Nilikuwa nimesimama palepale, nikatazama viatu vyangu. Alipokwambia hutashika tena usukani wake, ukabeba begi lako ukaondoka, na mimi nikanyamaza. Nilikuonea, Arcade, na wewe ndiye niliyekufundisha kuendesha kwa mikono yangu. Nisamehe. Nakupenda, na sikustahili kukaa mwaka mzima nikiitwa fundi.

Hayo yote nimemwambia baba. Nilitegemea bakora. Aisee, hakunipiga. Alikaa juu ya tairi, akaniuliza huko Inyonga unaishi na nani, na nani anakupikia. Nikasema sijui. Baba akalia, Arcade. Baba yetu! Sikujua pa kuweka mikono yangu.

Alipofuta macho aliomba ufunguo wa lori, akaufunga kwenye leso yake, akasema upewe wewe mkononi. Nikamwambia mahindi ya msimu huu yapo tayari, na Osward wa jirani anaweza kuliendesha mara moja. Akajibu kwamba mahindi yatangoja. Nikamwambia ninao ufunguo wa akiba. Akasema niutupe.

Wasalimie wote wanaokutunza huko, uwaambie tunawashukuru. Mama, shemeji yako na watoto wanakusalimu. Leso anayo Libérate.

Ni mimi kaka yako niliyekukosea,
Melkior