Msaidizi wa Karakana ya Meno

4 Machi

Dada mkubwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo umekupa nafuu na karakana inakwenda. Sisi hatujambo. Shemeji yako anakusalimu, na watoto wamerefuka mpaka viatu havikai miguuni muhula mzima.

Naandika kwenye karatasi kwa sababu namba yangu umeifungia tangu nilipoacha kazi, mwezi wa saba sasa. Habari yenyewe ni hii. Tunaomba kuhamia ng'ambo, wote wanne, kwa njia ya ujuzi. Kule wanahitaji mafundi wa meno ya bandia, na mwombaji ni mimi. Mume wangu na watoto wanapitia kwangu. Wanahesabu alama: umri, elimu, lugha, miaka ya kazi. Alama za umri zinapungua siku ninayotimiza arobaini, yaani tarehe 19 Juni, na zikipungua hatufiki. Kila kitu kipo isipokuwa barua ya mwajiri. Nimefanya kazi kwa mtu mmoja tu maisha yangu yote, na mtu huyo ni wewe.

Barua itaje cheo changu, miaka, saa kwa wiki, na kazi nilizokuwa nikifanya kwa mkono wangu. Iwe na kichwa cha karakana, mhuri na sahihi. Nimekuandikia mfano ili usipate taabu, kazi yako ni kunakili. Najua hatukuachana vizuri. Sikuombi unisifu, naomba uandike kilichotokea.

Mdogo wako


22 Machi

Mdogo wangu,

Shikamoo yako nimeipokea, ingawa shikamoo inayokuja na fomu huwa na uzito wake. Mgongo haujapona, na hukuuliza ili ujue.

Nimesoma mfano wako. Nilicheka mpaka dada wa mapokezi akaja kuangalia. "Fundi Mkuu wa Meno ya Bandia." Mkuu wa nani? Karakana hii ina fundi mkuu mmoja, aliyeachiwa karakana na baba, na jina lake liko kwenye kibao cha mlangoni. Wewe nilikuchukua huna kazi, huna mbele wala nyuma, nikakuvika koti jeupe. Hiyo ndiyo historia yako, na haina ukuu wowote.

Na hao wanaotafuta watu wenye ujuzi, wanajua kweli wanachokitafuta? Wanaletewa mwanamke wa kuwachongea wazee wao magego, nyuma yake anamburuta mume, mwalimu wa riadha anayehema akipanda ngazi. Kule atamkimbiza nani? Watoto watarudi baada ya miaka mitatu wanaongea kwa pua, wakiniuliza mimi ni nani.

Lakini sikunyimi. Barua yako iko ndani ya bahasha, ina mhuri: "Mwenye barua hii alikuwa msaidizi katika karakana yangu. Alifika kazini kwa wakati." Ulitaka kilichotokea, ndicho hicho.

Usiniambie sina moyo. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi sikukusifu hata siku moja, ndiyo maana tembo lako lilinyweka.

Dada yako mkubwa


9 Aprili

Dada mkubwa,

Shikamoo. Naulizia mgongo kwa sababu barua haianzi bila kuulizia.

Barua yako nilimpelekea mshauri wetu wa maombi. Aliisoma, akaigeuza kuona kama nyuma kuna kitu, akaniuliza kama nina ndugu mwingine. Msaidizi kule ni mtu wa kuosha trei na kufagia vumbi la plasta. Ni kazi nyingine kabisa, na haimo kwenye orodha yao. Kwa neno moja umewafungia mlango watu wanne, wawili kati yao wanaokuita mama mkubwa, na neno hilo ulilichagua.

Miaka kumi na minne. Kwa kuwa fundi mkuu ni wewe, nieleze ni lini ulichonga seti nzima kwa mkono wako. Ulikuwa ofisini, ukiwapokelea simu madaktari kwa ile sauti ya asali, ukiwaambia "nimeimaliza asubuhi hii." Ulimaliza nini wewe, zaidi ya biskuti za wageni? Wanasema mchumia juani hulia kivulini. Kwetu mmoja alichumia juani, mwingine akalia kivulini.

Nitajie kazi moja iliyotoka pale bila kupita mkononi mwangu. Na kama nilikuwa msaidizi, niambie nilikuwa namsaidia nani.

Mdogo wako


30 Aprili

Wewe,

Salamu sina. Naandika kwenye fomu za oda kwa sababu hustahili karatasi nyeupe, na zitakuwa nyingi.

Unataka kuambiwa ulichokuwa unafanya? Sikiliza, maana nimekivumilia miaka kumi na minne.

Ulikuwa unachelewesha wateja. Yule mwalimu mstaafu aliyetaka meno ya juu na ya chini ulimkalisha kitini siku tatu, sema sitini na sita, sema sabini na saba, eti herufi inapiga mluzi. Mluzi ambao mke wake mwenyewe hausikii. Ukayapunguza meno ya mbele unene wa ukucha, ukayapanga upya kwenye nta, ukaanza tena sitini na sita. Mtu alikuja kutafuta meno, ukamrudisha darasa la kwanza.

Yule bibi wa fimbo alitaka meno meupe kama sahani. Mteja anataka sahani, mpe sahani. Wewe ukamwambia kwa umri wake yataonekana ya kuazima. Ukamchagulia yenye umanjano kidogo, na moja ukalipindisha makusudi lifanane na lile lililoonekana kwenye picha yake ya harusi. Nani alikutuma? Alipojiona kwenye kioo alilia, nikaona aibu nikatoka nje. Kisha akarudi na dada zake wawili, wote wanakuulizia wewe, mimi nimesimama pale kama pazia.

Ulikuwa unatupa mali. Plastiki ya fizi ikiiva na kitone kimoja cha hewa ndani, kitone ambacho hakuna atakayekiona mpaka dunia iishe, seti nzima inaingia kwenye pipa na wewe unachemsha nyingine.

Ulinigombanisha na madaktari. Yule wa ghorofa ya pili ulimrudishia vipimo vya taya mara nne, na kalamu nyekundu juu yake, kwamba amevitoa mdomoni kabla havijaganda. Yeye daktari, na wewe nani? Siku hizi anavisubiri vigande, lakini hanisalimii.

Wanafunzi watatu niliokupa uwafundishe umewaharibu wote. Wanaikagua kazi kwa lenzi, wanabishana na mimi, wanasema "dada mdogo hakutuonyesha hivyo."

Na ulikuwa unaingia saa moja asubuhi unatoka saa kumi na mbili jioni, siku sita kwa wiki, hata ukiambiwa nenda kwako. Hayo si mapenzi ya kazi, ni ukaidi. Mtu mkaidi kiasi hicho mimi siwezi kumwita fundi.

Jibu lako umelipata.

Dada yako mkubwa


17 Juni

Dada mkubwa,

Shikamoo. Fomu zako sita za oda zilinifika. Siku ya kwanza nililia. Siku ya pili mwalimu wako wa riadha alizisoma kwa sauti mezani, akafika kwa daktari wa ghorofa ya pili akaanza kucheka, akazirudia tangu mwanzo akiwa na kalamu. Kazi za mkono, zipo. Miaka, ipo. Kufundisha wengine, kupo. Saa kwa wiki nilizizidisha mwenyewe: sitini na sita. Kila fomu ina kichwa cha karakana, na mhuri ambao wewe huugonga kitabu kizima kabla hakijatumika. Na umesaini chini ya kila moja kwa mazoea, kama unavyosaini hata risiti ya sabuni.

Nilimpelekea mfasiri wa mahakama. Mama wa watu aliniuliza kama alainishe kidogo, hasa pale kwenye ukaidi. Nikamwambia asiguse neno. Tumewasilisha jana, zikiwa zimebaki siku tatu. Umekataa kuandika barua moja, umeandika sita.

Watakupigia simu kuhakikisha. Huna sababu ya kuninusuru na sikuombi. Ukisema ni maneno ya hasira tu, maombi yamekufa na sisi tunabaki, kwa sababu mwakani alama hazitatosha. Yote sasa yako kwenye simu hiyo.

Mdogo wako


25 Agosti

Mdogo wangu,

Natumaini wote ni wazima. Mgongo uko vilevile.

Walipiga Jumanne, mwanamke mmoja na mkalimani wake. Sijawahi kusikia upuuzi ukisomwa kwa heshima namna ile. Mkalimani ananisomea maneno yangu mwenyewe kwa sauti ya taarifa ya habari, kisha anauliza: "Je, hayo ni ya kweli?" Nilikuwa nimeshajiandaa kusema ni hasira za ndugu. Nilikuwa nalo mdomoni. Ndipo yule mwanamke akauliza, kwa kusitasita, kama kweli fundi anaweza kutupa seti nzima kwa sababu ya kitone cha hewa. Hapo nikakasirika. Yeye nani wa kutilia shaka kazi inayotoka kwangu? Nikamweleza kitone kile kinavyopasua fizi kabla mwaka haujaisha, nikamweleza na habari ya mluzi, nikamwambia yote ni kweli na mengine nimeyasahau.

Mwishoni akauliza kama pale kwangu kuna mwingine anayeiweza kazi hiyo. Nikasema hakuna.

Kwa kuwa umenifikisha huko, chukua na hili. Karakana nyingine zilishakutaka, mara tatu. Walinipigia mimi kwa adabu kuulizia, na wote niliwaambia wewe ni wa kuosha trei. Ya mwisho ilikuwa mwaka ule mume wako yuko nyumbani bila kazi. Walikuwa wanatafuta mkuu wa karakana. Msaidizi hagombaniwi na mtu, ndiyo maana nikakuita msaidizi. Niliogopa utaondoka. Nilijiambia zimwi likujualo halikuli likakwisha, na mimi angalau nilikuwa nakujua.

Kuomba msamaha sikufundishwa. Niandikie.

Dada yako mkubwa


11 Novemba

Dada mkubwa,

Shikamoo. Maombi yamekubaliwa. Tunaondoka Alhamisi, wote wanne. Barua yako imekaa kwenye droo miezi miwili na nusu, kwa sababu kila nilipoanza kuijibu nilikuwa naandika mambo ambayo sitaki watoto wayakute.

Mwaka ule mume wangu alipokuwa bila kazi, tulimtoa mtoto mkubwa shuleni muhula mzima. Nilikuja ofisini kwako, nikakaa kwenye kiti cha wateja, nikakuuliza kama unamjua mtu yeyote anayetafuta fundi, nifanye na kwake siku za mapumziko. Ulisema soko limekufa. Ukaniagizia chai. Nilikushukuru, dada. Nilirudi nyumbani nikamwambia mume wangu una roho nzuri.

Sasa unasema uliogopa nitaondoka. Mimi sikuwa na mpango wa kuondoka. Niliipenda meza yangu pale dirishani, na hata ile mashine ya kung'arishia inayopiga kelele. Niliacha kazi siku yule bibi wa fimbo aliponiulizia mbele ya dada zake, ukamwambia mimi huwa nashika trei tu. Ungesema "mdogo wangu ndiye aliyeyachonga," mara moja tu, kwa mteja mmoja, ningezeekea kwenye karakana ile, na wewe leo ungekuwa na fundi.

Sikuchukii. Nakudharau, na naona dharau inachukua muda mrefu zaidi kupona kuliko chuki. Usije kutuaga. Watoto watakupigia, wao hawajakosana nawe. Mimi usinisubiri.

Mdogo wako